Ni Mmea Upi Ung'olewe Mbele ya Nyumba?

Nyumba niliyorithi Nyanga, kandokando ya mji wa Bukoba, ilikuwa na mimea ya aina mbili mbele yake. Chini ya dirisha ilistawi lantana, iliyopandwa zamani kwa uzuri wa maua yake. Na kwenye mpaka wa kibanja ulisimama mstari wa milamula. Yote ilikuwa imezidi kimo. Kijana niliyemwajiri kusafisha alishauri nibakize lantana na kung'oa milamula, kwa kuwa ni "mimea ya wazee". Fikra hiyo nimeikuta kwa wengi, hata kwa wasomi wenzangu, nami naipinga.

Asili ya lantana ni Amerika ya tropiki. Ilipelekwa Ulaya katika karne ya 17, ikatunzwa bustanini, kisha ikasambazwa katika makoloni kama pambo. Ndege hula matunda yake meusi na kudondosha mbegu mbali. Kisiki kilichokatwa kwa panga huchipua upya, mara nyingi kwa matawi mengi kuliko ya awali. Kwa miaka mitatu niliifyeka kila likizo, na kila likizo nikakuta dirisha limezibwa. (Msomi wa mimea hakustahili kuhitaji miaka mitatu!) Ng'ombe wanaokula majani yake hudhurika ini, kisha ngozi yao huungua kwa mwanga wa jua. Tena ugonjwa wa malale uliposhamiri Busoga, Uganda, kuanzia mwaka 1976, mbung'o walipata maficho katika vichaka vya lantana vilivyotanda kwenye mashamba yaliyotelekezwa, karibu na makazi.

Mulamula, ambao ni wa jenasi ya Dracaena na ndugu wa isale la Wachagga, hauna tabia hizo. Tawi lake huchomekwa ardhini, nalo huota papo hapo na kudumu miongo mingi. Ndiyo sababu ukawa alama ya mpaka. Anayeung'oa ili apate nafasi ya maua huenda anafuta ushahidi ambao mwanawe atauhitaji mbele ya baraza la ardhi. Nakiri kwamba hauzuii mbuzi, wala vipepeo hawauandami kama lantana.

Basi milamula niliikata vichwa tu. Mashina huchipua pembeni, na vichwa vyenyewe vikawa vipando. Lantana niliingojea Julai, mvua zilipopungua, nikaing'oa kwa jembe pamoja na mizizi kabla matunda hayajaiva, nikaianika juu ya mawe isipate kushika udongo tena. Oktoba, vipando vikachukua nafasi yake chini ya dirisha.

Walimu wa biolojia waweza kulifanya jambo hili kuwa somo: kisiki kimoja cha lantana kikatwe usawa wa ardhi, kingine king'olewe, na wanafunzi wahesabu machipukizi kila juma kwa muhula mzima. Kwangu, miche ya lantana ingali inachomoza chini ya mti wanapotua ndege. Naing'oa kwa vidole baada ya mvua.