Mlango wa Ubatizo wa Andahuaylillas

Tangu niliporudi kutoka Peru, mafrateri wananiuliza niliona nini huko, na najua wanasubiri habari za Machu Picchu. Hatukufika Machu Picchu. Tulikuwa mapadre watatu wenye fedha kidogo, nazo ziliisha kabla ya safari. Ninachotaka kuwasimulia ni mlango mmoja.

Tulianzia Lima, jiji la mamilioni ya watu kando ya Bahari ya Pasifiki, lenye foleni za magari na anga la kijivu ambalo mvua yake ni haba mno. Katika konventi ya Santo Domingo tulisali mbele ya masalia ya Mtakatifu Martini wa Porres, ambaye parokia zetu nyingi zinamfahamu. Alizaliwa mwaka 1579, baba Mhispania, mama mwanamke mweusi aliyeachwa huru kutoka utumwani. Sheria za wakati ule zilimzuia mtu wa asili yake kupokewa kama mtawa kamili, hivyo aliingia konventini kama mtumishi, na ufagio wake tunauona hadi leo kwenye picha zake. Alitangazwa mtakatifu mwaka 1962. Nilipopiga magoti pale nilikumbuka kwamba waliomwekea kizuizi nao walikuwa watu wa sala.

Kutoka Lima tulipanda basi kwenda Cusco, zaidi ya saa 20 njiani. Cusco uko mita 3,400 juu ya usawa wa bahari. Kichwa kinagonga, pumzi inakata, nao wenyeji wanakupa chai ya majani ya koka. Makanisa yake yanameta dhahabu, na konventi ya Wadominikani imejengwa juu ya kuta za Coricancha, hekalu la Wainka. Nilipiga picha nyingi. Masifu ya Jioni niliyasahau siku mbili mfululizo, jambo ambalo sikumwambia mtu yeyote mpaka leo.

Andahuaylillas ni mji mdogo, kiasi cha kilomita 40 kutoka Cusco. Una uwanja wenye miti mikubwa ya zamani, na ukimya. Kanisa la Mtakatifu Petro kwa nje ni la matofali ya udongo, la kawaida kabisa. Ndani limepakwa picha kuanzia ukutani hadi darini. Lakini mimi nilikwama kwenye mlango wa chumba cha ubatizo. Juu yake yameandikwa maneno ya kubatiza, “Nakubatiza kwa jina la Baba”, na kuendelea, kwa lugha tano: Kilatini, Kihispania, Kiquechua, Kiaymara na Kipuquina. Hii ya mwisho leo haina mtu anayeizungumza.

Paroko wa pale katika karne ya 17 alikuwa Juan Pérez Bocanegra. Mwaka 1631 kilichapwa kitabu chake cha kuwasaidia mapadre kuadhimisha sakramenti kwa Kiquechua. Si yeye wa kwanza. Mtaguso wa Tatu wa Lima, ulioitishwa na Askofu Mkuu Turibio wa Mogrovejo mwaka 1582, uliagiza katekisimu kwa Kihispania, Kiquechua na Kiaymara, nayo ilichapwa mwaka 1584. Turibio mwenyewe alijifunza lugha ya watu, akaanzisha seminari ya Lima mwaka 1591, na mwaka 1606 alifariki akiwa ziarani jimboni mwake.

Nisiwapambe kupita kiasi. Lugha hiyohiyo ilitumika pia kuwahoji watu katika maungamo kuhusu mila za wazee wao, na kwa ukali. Kujua lugha ya mtu hakukufanyi umpende.

Lakini kutoijua kunagharimu. Katika parokia yangu ya kwanza bibi mmoja mgonjwa aliniita nyumbani. Alianza kuungama kwa Kiswahili, akakwama, akahamia lugha yake. Sikuelewa neno. Nilimpa maondoleo, na najua Mungu alimsikia. Aliponiuliza kitu baadaye, nilitikisa kichwa tu kama mtu aliyeelewa. Alizikwa wiki ile. Mpaka leo sijui aliniuliza nini.

Wenzangu wengi wanasema Kiswahili kinatosha, tena ni zawadi iliyotuunganisha. Ni kweli, na kwa mahubiri ya Dominika nakubaliana nao. Kitandani pa mgonjwa sikubaliani. Mtu anapokaribia mwisho hurudi kwenye maneno aliyofundishwa na mama yake, na padre anapaswa kuwepo huko. Naona tunakosea tunapompeleka frateri mwaka mzima wa kichungaji, tukamkagua liturujia, hesabu na nidhamu, wala asiulizwe kama anaweza kumsalimia mzee wa kigango kwa lugha ya nyumbani na kusali naye Baba Yetu. Swali hilo liwekwe kwenye ripoti ya paroko. Halihitaji bajeti.

Mimi nimeanza kuchelewa. Kila Alhamisi jioni katekista ananifundisha kwenye baraza la nyumba ya mapadre, na watoto wa kwaya hupita wakicheka matamshi yangu. Wiki iliyopita tulifika kwenye sala ya kutubu.