Maoni Yetu: Fisi-maji warudishwe kaskazini mwa California

Tangu mwaka 2014, pwani ya kaskazini ya California, Marekani, imepoteza zaidi ya asilimia 90 ya msitu wake wa mwani wa baharini. Si mwani mfupi kama ule wa Paje au Jambiani, Zanzibar. Huu hushika mwambani na kupanda mita nyingi hadi usoni mwa maji, na samaki, kaa na konokono huishi humo.

Maradhi yaliyozuka mwaka 2013 yaliua viti vya pwani wakubwa waliokuwa wakila fuma, kisha joto la bahari likaudhoofisha mwani. Fuma, wale wenye miiba, wakaongezeka na kuutafuna hadi mwamba ukabaki mtupu.

Lakini mlinzi mwingine alikwisha kuondolewa zamani. Fisi-maji wa baharini waliwindwa kwa ajili ya manyoya yao tangu karne ya 18, na mkataba wa kuwalinda ulipotiwa saini mwaka 1911 walikuwa karibu kutoweka. California walibaki kama 50 tu, huko Big Sur. Leo wapo takriban 3,000, wote kusini ya eneo lililoharibika. Mnyama huyu hana mafuta ya kumkinga na baridi, hivyo kila siku hula robo ya uzito wake, na fuma ni chakula chake. Mwaka 1974 wanasayansi James Estes na John Palmisano walionyesha kuwa visiwa vya Alaska vyenye fisi-maji vina mwani, na visivyo nao vimejaa fuma.

Tusimtwishe fisi-maji miujiza. Huko Monterey huwaacha fuma wenye njaa, wasio na nyama, akala walionona ndani ya mwani uliosalia. Kazi yake ni kulinda kilichopo, na hilo linatosha kumtetea.

Mwaka 2022 idara ya wanyamapori ya Marekani ilisema inawezekana kuwarudisha. Wavuvi wa kaa na fuma wanahofia riziki yao, na hofu hiyo ni ya haki: washirikishwe tangu mwanzo, na walipwe fidia wakipata hasara. Ila kuchelewa kunaugharimu mwani uliobaki.

Nasi tunao walaji wetu wa fuma. Katika miamba ya Kenya ni samaki aitwaye kikande, na pale anapovuliwa kupita kiasi fuma hutapakaa na kuitafuna miamba. Mvuvi, ukimpata kikande mzima mtegoni, mrudishe majini.