Noti ya mia, nauli ya dirham moja

Mwezi huu twende Deira, gatini pale Creek, majahazi yanapofungwa kamba kando ya Barabara ya Baniyas. Wengi wetu tulioko Dubai tunapajua kwa sababu ya mizigo. Mawakala wa kusafirisha mizigo ya Dar, Mombasa na Zanzibar wako mitaa ya nyuma, na ukikaa nusu saa hukosi kumsikia mtu anabishana kwa Kiswahili kuhusu kilo za boksi lake.

Ndugu zetu nyumbani hutuuliza kama ni kweli huku pesa taslimu imekwisha. Wana haki ya kuuliza. Oktoba 2024 serikali ya Dubai ilitangaza mkakati wa kufanya asilimia 90 ya malipo yote yawe ya kidijitali ifikapo 2026. Metro ni kadi ya Nol, dukani ni kugusisha simu, hata mkate wa asubuhi unalipiwa kwa kadi. Nina mpwa wa miaka tisa, ukimpa sarafu anaigeuzageuza kama ameokota kifungo cha shati.

Lakini ukishuka gatini mambo ni mengine. Kuvuka kwa abra kwenda Bur Dubai ni dirham moja, na nahodha anaipokea kwa kiganja. Friji, matairi na viyoyozi vimepangwa ukingoni vikisubiri kupakiwa, na wanaovibeba wananunua chai kwa sarafu. Juu yao limesimama jengo la benki ya Emirates NBD, lile alilolisanifu Carlos Ott, vioo vyake vimepinda mfano wa tanga. Waliomo mle na waliomo jahazini wanaishi katika zama mbili za pesa, na kinachowaunganisha ni mashine ya ATM. Ndiyo maana siku za mshahara foleni yake ni ndefu kuliko ya kituo cha abra.

Foleni ile ina sababu. Tangu 2009 Imarati ina mfumo wa kulinda mishahara, unaowataka waajiri wa kampuni binafsi kulipa kupitia benki au taasisi iliyoidhinishwa. Zamani kibarua alipewa bahasha. Leo wengi wa kipato cha chini wanapewa kadi ya mshahara. Naupenda utaratibu huu, kwa sababu malipo yanaacha alama, na bosi hawezi kusema alilipa wakati hakulipa. Tatizo ni kwamba kadi inamtii yeyote anayejua tarakimu zake nne.

Miezi michache iliyopita tulimlaza wodini mama mmoja wa Tanga, mfanya usafi, amefanyiwa upasuaji wa nyongo. Siku ya tatu akanivuta mkono. "Sista, mwanangu, mshahara umeingia. Kadi ninayo hapa, namba nitakwambia. Nenda kanitolee, mtoto anadaiwa ada." Nikamjibu, "Mama, kazini haturuhusiwi kushika pesa ya mgonjwa. Lakini daktari amesema utembee. Tutatembea mpaka kwenye mashine."

Tulikwenda taratibu, mkono mmoja kashikilia tumbo. Njiani akanieleza kwamba ana miaka miwili hapa na hajawahi kusimama mbele ya ATM. Kadi huwa anampa mwenzake wa chumbani, naye humletea noti zimekunjwa. Mbele ya kioo akasita. Kulikuwa na Kiarabu na Kiingereza, na nimeona mashine nyingine zenye Kihindi na Kiurdu; Kiswahili bado sijakiona. Nikageuka pembeni abonyeze namba yake. Salio lilipotokea, akaniita nimsomee. Nikamwambia, "Mama, tarakimu unazijua. Soma." Akasoma. Akasoma tena, kwa sauti. Kisha akasema polepole, "Kumbe ni hizi." Hakunieleza zaidi, nami sikumdadisi. Alichofanya jioni ile ni kuniomba nimwandikie kwenye karatasi maneno ya kwenye kioo na maana zake.

Nayaandika hapa pia, mpelekeeni anayeyahitaji. Balance ni salio. Withdrawal ni kutoa pesa. Receipt ni risiti. Cancel ni kughairi, na ukichanganyikiwa ndicho kitufe cha kubonyeza. Kadi itarudi uanze upya. PIN ni namba ya siri, na inaweza kubadilishwa. Kama kuna mtu anaijua yako, ibadilishe wiki hii, hata kama mtu huyo ni mwema. Usiirushe ovyo ovyo kwa majaribio, maana ukikosea mara tatu kadi hufungwa au kumezwa.

Nimefikiri kwa nini watu wazima wenye akili zao wanakabidhi kadi. Wengine wanasema ni ushamba, nami sikubali. Kenya tuna M-Pesa tangu 2007, Tanzania tangu 2008, na katika miaka yote hiyo tumezoea kutoa pesa kwa mtu: wakala anakusalimia, ukikwama anakuelekeza. Mashine haina salamu, basi tunamfanya mwenzetu wa chumbani kuwa wakala. Ila hata kwa wakala, namba ya siri ulikuwa unabonyeza mwenyewe. Wewe unayejua kutumia mashine, mpeleke mwenzako, simama pembeni, mwache abonyeze. Ukimtolea kila mwezi utakuwa umemsaidia kubaki pale pale, na siku mkigombana kuhusu hamsini iliyopungua hakuna atakayewaamua.

Na ninyi mnaokuja Deira kununua bidhaa, au wanafunzi mnaotumia kadi za benki za nyumbani, kuna swali moja la kuangalia. Mashine inaweza kukuuliza kama unataka ukatwe kwa shilingi au kwa dirham. Shilingi inavutia kwa kuwa unaielewa, lakini ukiichagua, kiwango cha kubadilisha kinapangwa na wenye mashine, na mara nyingi kina nyongeza ndani yake. Chagua dirham, benki yako ibadilishe yenyewe. Pia toa mara chache kwa kiasi cha kutosha, maana makato ya benki ya nyumbani huja kila unapotoa.

Mwisho ni chenji. Mashine nyingi zitakupa noti za mia au zaidi, na nahodha wa abra mwenye watu ishirini anaowasubirisha hatafurahi kuiona mia yako. Pitia kwanza kibandani unywe karak. Muuzaji atanung'unika kidogo, lakini chenji anayo.