Kisiwa kimoja, milango miwili: Kijana wa Nyamyumba anakwenda Cyprus ipi?

Kwa kijana wa Nyamyumba, kando ya Ziwa Kivu, maandalizi ya safari ya masomo Cyprus huanza na ombi la pasipoti kupitia Irembo. Lakini swali zito ni upande gani wa kisiwa anakokwenda.

Cyprus imegawanyika tangu uvamizi wa Uturuki wa mwaka 1974. Kusini ni Jamhuri ya Cyprus, mwanachama wa Umoja wa Ulaya tangu 2004. Kaskazini ilijitangazia uhuru mwaka 1983, na inatambuliwa na Uturuki pekee.

Vyuo vingi vinavyowavutia vijana wa Afrika kwa ada nafuu viko kaskazini. Wakala anaweza kutaja "Ulaya" bila kutaja upande. Anayeingia kupitia uwanja wa Ercan huhesabiwa na Jamhuri kuwa ameingia kinyume cha sheria. Viza ya kaskazini haimfikishi kusini. Akipatwa na shida, hana ubalozi wa Rwanda wa kumtetea pale.

Shahada ya nje nayo hupimwa na Baraza la Elimu ya Juu mjini Kigali. Ni heri familia iliulize baraza hilo kabla ya kuuza shamba, kwani ada ikishalipwa, jibu huwa limechelewa.