Rangi Mpya Haizibi Bomba

Miongoni mwa imani zilizoota mizizi katika soko la nyumba la Dar es Salaam, hakuna inayowatia wanunuzi hasara kama hii inayohubiriwa na madalali, na ambayo siku hizi imehamia hadi redioni, kwamba nyumba ya kupangisha haina hasara na mwenye nyumba hula kodi akiwa amelala. Kauli hiyo ingekuwa kweli iwapo nyumba ingekuwa kuta na paa peke yake, bila mabomba yaliyofukiwa chini ya sakafu na nyuma ya vigae.

Mnunuzi hutumia wiki kadhaa kufuatilia hati miliki, yaani waraka unaothibitisha haki yake juu ya ardhi, humlipa wakili na kufanya upekuzi kwa msajili wa hati, mambo ambayo ni ya lazima. Lakini mtu huyohuyo huona uchungu kumlipa fundi bomba ujira wa nusu siku. Hati haisemi lolote kuhusu bomba la chuma lililoliwa na kutu kwa ndani, wala kuhusu kiungo cha plastiki kilichounganishwa vibaya kisha kikafichwa kwa plasta. Kinachotazamwa ni rangi, ilhali mkanda wa rangi mpya chini ya ukuta wa bafu, uliokolea kidogo kuliko ukuta uliobaki, ni ushahidi wa unyevu na wala si urembo.

Hudaiwa kwamba koki ikifunguliwa na maji yakatoka, mfumo ni mzima, kana kwamba mgonjwa anayepumua hana haja ya kupimwa. Maji hayo mara nyingi hutoka kwenye simtanki, yaani tangi la plastiki lililoinuliwa juu ya mnara, na kwa kuwa kimo cha mita 10 ndicho huzalisha msukumo wa takriban baa 1, tangi lililo mita 3 juu ya koki hutoa baa 0.3 tu, msukumo ambao hata kiungo kibovu huweza kuustahimili. Ni pale inapofungwa pampu, au mgao unapokwisha na maji ya mamlaka yakarudi usiku kwa nguvu, ndipo ukuta unapoanza kutoa jasho. Nyumba ikioneshwa wakati wa mgao ni hadaa zaidi, maana bomba kavu halivuji.

Hudaiwa pia kwamba wapangaji waliomo wangelalamika. Wamlalamikie nani, muuzaji anayejibu kila lalamiko kwa kupandisha kodi?

Kipimo chenyewe ni rahisi: maji ya mamlaka yakiwa yanatoka na simtanki limejaa, koki zote hufungwa na mita ya maji hutazamwa kwa saa moja, na ikiendelea kuzunguka, kuna mahali maji yanapotea. Tone moja kila sekunde hufikia lita 20 hivi kwa siku, yaani ndoo kubwa nzima inayonywewa na msingi wa nyumba. Kipimo hicho madalali hawakitaji, nao si wajinga; wakati vigae vinabomolewa, dalali ameshapokea asilimia yake ya mauzo, kisha anamtoza mpangaji mpya kodi ya mwezi mmoja kwa kumleta kwenye nyumba hiyohiyo.