Kuruka na Kurushwa si Jambo Moja

Wahenga waliponena kwamba aliye juu mngoje chini, yamkini hawakuwa wakimfikiria mtu aliyejifunga kwenye mwavuli akajitupa kwa hiari yake kutoka ukingo wa genge la Elgeyo. Hata hivyo, afikaye Iten mnamo Januari au Februari, wakati Ulaya imezizima kwa baridi nasi tumo katika kiangazi, atawaona wageni wakielea juu ya Bonde la Kerio, na wenyeji wakiwatazama hadi shingo zikawauma. Mji wenyewe uko mita zipatazo 2,400 juu ya usawa wa bahari, na sakafu ya bonde iko zaidi ya mita 1,000 chini yake. Wapo wanaouliza kwa nini mchezo huu usipigwe marufuku. Mimi simo miongoni mwao, ila nina neno la kusema.

Kwanza tuuelewe mchezo wenyewe. Mwavuli huo haufanani na ule wa askari anayeshuka kutoka kwenye ndege. Ni bawa la kitambaa lenye vyumba vilivyo wazi kwa mbele. Hewa huingia, bawa likavimba na kupata umbo. Halina injini. Jua linapopasha moto mawe na udongo wa bondeni, hewa iliyo juu yake huwa nyepesi ikapanda, na rubani huitafuta nguzo hiyo ya hewa akazunguka ndani yake kama afanyavyo tai. Aijuaye kazi hii hukaa angani saa nyingi bila kutumia hata tone moja la mafuta. Lakini hewa ile ile inayompandisha ndiyo inayoweza kulikunja bawa lake ghafla, hasa adhuhuri jua linapokuwa kali. Akiwa juu sana, anao muda wa kulikunjua au kufungua mwavuli wa akiba. Akiwa karibu na miamba, hana. Kwa hiyo asitokee mtu akatuahidi raha ya mchezo huu pasipo hatari yake, kwa kuwa zote mbili hutoka katika hewa moja.

Mnamo Februari 2007, Mjerumani Ewa Wiśnierska alikuwa Australia akijinoa kwa mashindano ya dunia. Wingu la mvua lilimfyonza likampandisha hadi mita 9,946, kimo cha ndege za abiria. Alizimia kwa zaidi ya nusu saa, barafu ikamganda mwilini, na bawa likaendelea kuelea lenyewe mpaka akazinduka na kutua hai. Mchina He Zhongpin, aliyenaswa katika dhoruba hiyo hiyo, alifariki. Huyu na huyu walikuwa mabingwa. Wote wawili walilijua wingu la aina ile, na walipaa siku hiyo kwa uamuzi wao wenyewe.

Hata wale tunaowacheka walikuwa na haki hiyo. Mmarekani Larry Walters alifunga maputo 42 ya heliamu kwenye kiti cha bustanini mnamo Julai 1982, akapaa California hadi kimo cha mita 4,900 hivi, akashuka kwa kuyapasua baadhi yake kwa bunduki ya hewa, na mwishowe akanasa kwenye nyaya za umeme. Alitozwa faini, na ilimstahili, kwa maana aliingia katika njia ya ndege za watu wengine. Kasisi Adelir de Carli wa Brazil hakubahatika hivyo. Mnamo Aprili 2008 alipaa kwa maputo 1,000 ili kuchangisha fedha za kujenga mahali pa mapumziko pa madereva wa malori. Upepo ulimsukuma baharini. Alikuwa na kifaa cha setilaiti cha kuonyesha mahali alipo, ila hakujua kukitumia. Mabaki ya mwili wake yalipatikana Julai.

Hapa naomba ruhusa ya msomaji niingize somo langu kidogo. Kiswahili kina kitenzi kimoja, kuruka, kwa mtu anayechupa mtaro na kwa ndege anayepaa angani. Lugha yetu haikuona tofauti kubwa kati ya wawili hao ila muda wanaochukua kurudi chini. Tukikitia kitenzi hicho kauli ya kutendesha, k hugeuka sh, tukapata kurusha, kama vile anguka inavyozaa angusha. Tukiongeza kauli ya kutendwa tunapata kurushwa. Aliyerukwa na akili akaruka ni mtenda. Aliyerushwa ametendwa, na mtenda ni mtu mwingine. Vijana wetu mitaani husema “nimerushwa” wakiwa na maana kwamba wamelaghaiwa, nami naona sikio lao si baya.

Alfajiri ya tarehe 26 Februari 2013, puto la hewa moto lilishika moto likiwa karibu kutua huko Luxor, Misri. Ndani yake mlikuwa na watu 21. Rubani aliruka nje akanusurika, ingawa aliungua vibaya. Puto likapanda tena likiwaka, kisha likaanguka. Waliokufa ni 19, wengi wao watalii waliolipa nauli ili wautazame Mto Nile kutoka juu. Watu hao hawakuwa na usukani, wala hawakujua lolote kuhusu mipira ya gesi iliyokuwa juu ya vichwa vyao. Walirushwa.

Nasi tunayo maputo Maasai Mara tangu miaka ya 1970, na huko Kerio mgeni aweza kulipa akafungwa kifuani mwa rubani na kupaa naye. Niliwahi kukabidhiwa fomu na kampuni moja ya burudani kama hizi: kurasa mbili za Kiingereza cha mahakamani, herufi ndogo kama chawa, nazo nilipewa dakika tano kabla ya safari, baada ya kulipa. Mimi nilizisoma kwa kuwa kusoma ndiyo kazi yangu. Bwana aliyenifuata kwenye foleni alitia sahihi huku akiuliza choo kiko wapi.

Anayejirusha mwenyewe na aachwe, mradi awe na bima ya kuwalipa wanakijiji watakaoshuka magengeni kumtafuta akipotea. Kwa abiria, sheria iwe kali zaidi. Fomu iandikwe kwa Kiswahili pamoja na Kiingereza, asomewe kwa sauti kabla hajatoa pesa, na awe na haki ya kughairi na kurudishiwa fedha zake zote hadi nyayo zinapoachana na ardhi. Sentensi ya kwanza iwe katika nafsi ya kwanza: “Nimeelezwa kwamba naweza kufa.” Mamlaka ya usafiri wa ndege nchini na serikali ya Kaunti ya Elgeyo-Marakwet haziwezi kudai kwamba hilo ni gumu. Kuitafsiri fomu ya kurasa mbili ni kazi ya alasiri moja, na Januari ijayo wageni watakuwa Iten tena.