SAMAKI MWENYE HAYA HAITWI KWA FIMBO



Mwezi huu tunajibu barua ya kijana mumoja wa Kolwezi. Anaandika hivi: "Papa Pasta, mujomba wangu alihamia Kinshasa, akaniachia akwariamu yake pamoja na samaki sita wanaoitwa kuhli. Ni warefu, wembamba, sawa nyoka wadogo. Lakini muchana sioni hata mumoja. Rafiki zangu banacheka, banasema: Weye unachunga mayi ya bure! Sasa nataka kutoa mawe na majani yote, niyaoshe, nisiyarudishe tena, ili samaki wakose pa kujificha. Je, ni vizuri?"

Ndugu yangu kijana, hapana. Usifanye vile hata kidogo. Ukitoa yote, utawaona samaki kwa siku chache, ni kweli. Lakini utaona samaki wenye hofu, wanaokataa chakula, na kisha utaanza kuwatoa mumoja mumoja wakiwa wamekufa. Acha tueleze sababu, kwani wako wengine pia waliopata akwariamu, lile sanduku la kioo la kufugia samaki, bila mutu wa kuwafundisha.

KUHLI NI SAMAKI GANI?

Huyu si samaki wa mito yetu. Kwao ni Asia, upande wa kusini na mashariki: Malesia na Indonesia, katika visiwa kama Sumatra, Borneo na Java. Urefu wake ni sentimita 8 hadi 10. Mwili ni wa rangi ya manjano wenye mikanda myeusi, na mudomoni ana vindevu vya kupapasia chakula.

Jina lake limetoka kwa Heinrich Kuhl, kijana Mujerumani aliyejifunza habari za wanyama. Alifika Java mwaka 1820, akafa kule mwaka 1821, hajatimiza hata miaka 24. Mwaka 1846 Mufaransa Achille Valenciennes aliandika habari za samaki huyu na kumupa jina la marehemu Kuhl.

Kule kwao anaishi katika vijito vya musituni na maji ya kinamasi, mahali maji yanapokwenda polepole. Miti inafunika juu, mwangaza ni kidogo. Majani makavu yanaanguka na kurundikana chini, mpaka maji yanakuwa na rangi ya chai. Ndani ya majani hayo kuhli analala muchana. Usiku anatoka kutafuta vidudu. Magamba yake ni madogo sana, utafikiri hana. Mwiba mudogo ulio chini ya jicho lake haumusaidii sana. Hana meno ya kupigana, hana mbio za kumushinda adui mukubwa. Kujificha ndiyo ulinzi wake. Basi unapotoa mawe na majani, unamubomolea nyumba yake yeye akiwa ndani.

TENA KUNA HATARI YA PILI

Mavi na mukojo wa samaki vinaleta sumu ndani ya maji, jina lake amonia. Juu ya mawe, katika muchanga na ndani ya chujio kunakaa bakteria, vidudu visivyoonekana kwa macho, vinavyogeuza sumu hiyo ili isiwaue samaki. Ukitoa vyote na kuviosha siku moja, unaua au unatupa wasafishaji wako. Ndiyo maana akwariamu mupya inahitaji majuma 4 hadi 6 kabla haijakuwa tayari kwa samaki kama hawa. Yako imekwisha kukomaa. Usiirudishe mwanzo.

JAMBO LA KUSHANGAZA

Wanaofuga kuhli wameona hivi: mahali penye maficho mengi ndipo samaki anaonekana zaidi. Kwa nini? Kwa sababu samaki anayejua kwamba tundu liko karibu anapata moyo wa kutoka. Yule asiyekuwa na tundu anabaki amejibana pembeni, siku nzima hatikisiki. Vilevile anapenda kuwa na wenzake. Wakiwa sita au zaidi wanajaribu kutembea. Akiwa peke yake, utamusahau. Kwa hiyo usipunguze maficho, yaongeze.

Fanya namna hii:

Kwanza, chini weka muchanga laini, si kokoto zenye makali. Kuhli anajichimbia ndani na kuacha kichwa tu nje. Kokoto kali zinaumiza ngozi na vindevu vyake.

Pili, weka mizizi ya miti iliyokauka vizuri, na mimea ya maji. Mumoja unaofaa ni kangaga wa Java. Ufunge kwa uzi juu ya jiwe au mbao. Usizike shina lake katika muchanga, litaoza. Mumea huu hauombi taa kali, na kuhli naye hapendi taa kali. Mimea inayoelea juu inamupa kivuli.

Tatu, chakula umupe jioni, ukisha kuzima taa. Kiwe chakula kinachozama, kwani yeye anakula chini. Viluwiluwi vya mbu anavipenda sana. Uvichote katika maji safi ya mvua, si katika mufereji wa njiani.

Ine, funika juu vizuri. Mwili huu mwembamba unapita katika nafasi ndogo sana, na asubuhi utamukuta amekauka chini ya meza. Mudomo wa chujio nao uufunike kwa sponji, la sivyo ataingia ndani.

Tano, usimuweke pamoja na tilapia au samaki yeyote mukubwa. Kwao yeye ni chakula.

SISI WATU WA MUGODI, TUANGALIE MAJI

Shaba inalisha jamaa zetu, lakini ndani ya maji ni sumu kwa samaki, hata ikiwa kidogo sana. Inaharibu matamvua anayopumulia, na samaki kama kuhli, wa ngozi laini, wanaumia upesi. Dawa fulani za magonjwa ya samaki zina shaba ndani. Uliza kabla ya kutia. Usichote maji katika vijito vinavyopita karibu na mahali pa kuosha mawe ya mugodi. Na lile jiwe zuri la kijani, malakite, liache juu ya meza. Lina shaba ndani yake, na maji yenye uchachu, kama yale anayopenda kuhli, yanaweza kuitoa.

Haya si maneno ya kutishana. Tarehe 18 mwezi wa 2 mwaka 2025, kwa jirani zetu wa Zambia, upande wa Chambishi, ukuta wa bwawa la takataka za mugodi wa shaba ulibomoka. Maji ya asidi yaliingia katika mito mpaka muto Kafue, na samaki wengi walikufa.  Sanduku la kioo la litre 60 linaharibika kwa usiku mumoja.

Maji ya bomba yenye klorini uyaache ndani ya ndoo wazi siku moja mbele ya kuyatumia. Kila juma badilisha sehemu moja ya nne tu, si yote.

WAKATI WA BARIDI NA DELESTAJI

Kuhli anataka joto la digrii 24 hadi 28. Kolwezi iko juu sana, zaidi ya mita 1400 kutoka usawa wa bahari, na ninyi munajua usiku wa mwezi wa sita na wa saba. Kwa hiyo mashini ya kupasha maji inahitajika. Umeme ukikatika, funika akwariamu kwa blanketi ili joto lisitoke upesi. Kila mara chota maji kwa kikombe na kuyamwaga tena kutoka juu, ili hewa iingie. Usiwape chakula mpaka umeme urudi.

NAMNA YA KUWAONA

Jioni, zima taa ya akwariamu. Kaa kimya pamoja na wadogo zako, na taa ndogo tu mbali kidogo. Usigonge kioo. Usiingize fimbo katika mawe. Siku za kwanza labda utaona mukia tu, au vindevu chini ya jani. Uhesabu pole pole. Majuma yakipita, watatoka wawili, watatu, na siku moja utawaona wamelala pamoja katika tundu moja, wamesongamana sawa watoto chini ya blanketi moja. Wakitunzwa vizuri wanaweza kuishi miaka 10. Jike aliyejaa utamutambua: mayai ya kijani yanaonekana kupitia ngozi ya tumbo.

Ninyi wazazi, mutoto akikaa hapo bila kukimbia wala kupiga kelele, mwacheni akae, hata kama ni saa mbili usiku. Anajifunza kungoja, na shule chache zinafundisha hilo.

Neno la mwisho. Wengi wa samaki hawa wanaouzwa walikamatwa katika vijito vya kwao, kwani kuwazalisha nyumbani ni vigumu. Aliye mukononi mwako hana njia ya kurudi. Ukichoka naye, mupe mutu mwingine anayejua kumutunza. Usimumwage katika Lualaba wala katika kijito chochote chetu: samaki mugeni anaweza kuleta magonjwa kwa samaki wa hapa.

Wengine munaofuga samaki nyumbani, tuandikieni namna munavyofanya wakati wa delestaji. Majibu mazuri tutayachapa hapa. Kwaherini mpaka mwezi ujao.